Unavuka Ruvuma na watoto? Andaa fedha ya kule kabla ya daraja

Ukitoka Ndanda, kwenye chemchemi zilizo chini ya uwanda wa Makonde, unafika mjini Masasi baada ya kilomita kama 40. Masasi hadi Mangaka ni kilomita 54, na Mangaka hadi Mtambaswala, ukingoni mwa mto Ruvuma, ni kilomita 65 na ushee. Hapo lipo Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, lililofunguliwa Mei 2010 na marais wa wakati huo, Jakaya Kikwete wa Tanzania na Armando Guebuza wa Msumbiji. Ukilivuka upo Negomano. Hapo shilingi zako huenda zikapokelewa na baadhi ya watu, lakini kwa bei wanayoitaka wao.

Kwa wengi wa huku, kuvuka si utalii. Wamakonde, Wamakua na Wayao wapo pande zote mbili za mto, na ndugu hufuatana kwa msiba, harusi, jando na unyago. Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala, bonde lote la Ruvuma lipo chini yako na Msumbiji unaiona kwa macho. Ukaribu huo huwafanya wazazi wengi wafikirie nguo, zawadi na nauli, huku suala la fedha wakiliacha hadi mpakani.

Nikiwa kazini katika kituo kimoja cha afya upande wetu, nilikutana na mama aliyetoka ng'ambo akiwa na mtoto wa miaka miwili mwenye homa kali. Alikuwa na fedha, noti za metikali alizofunga kwenye pindo la kanga. Hakuwa na shilingi. “Dada, hizi zinabadilishwa wapi?” aliniuliza. Ilikuwa Jumapili na benki zimefungwa. Kijana mmoja wa bodaboda alikubali kumbadilishia, kwa bei ya chini sana kuliko aliyokuwa ameambiwa nyumbani. Mama hakubishana. Mtoto alikuwa anawaka moto mgongoni, na mtu wa hali hiyo hana muda wa kutafuta bei nzuri.

Mzazi wa Masasi anayekwenda kule anaweza kukutwa na jambo hilohilo. Ukanda wote huu una malaria, na mtoto mwenye homa anatakiwa kupimwa ndani ya saa 24. Ukianza kutafuta fedha ya kule baada ya homa kupanda, umechelewa.

Hesabu ya kubadili fedha

Mbadilishaji ana bei mbili, ya kukuuzia na ya kununua kwako. Faida yake ipo katikati. Tuchukue namba za mfano tu. Anakuuzia metikali moja kwa Sh44, nawe unatoa Sh220,000 na kupata metikali 5,000. Safari inaahirishwa, unarudi kwake, naye anainunua kila metikali kwa Sh36. Unaondoka na Sh180,000. Sh40,000 zimekwenda na hujanunua hata soda.

Ndiyo maana usibadilishe zaidi ya unachohitaji, na ndiyo maana kupitia dola kunaumiza. Ukitoa shilingi kununua dola, kisha dola kununua metikali, umekatwa mara mbili.

Kabla ya kuondoka, angalia bei ya siku. Tovuti ya Benki Kuu ya Tanzania huweka bei za fedha za nje, metikali ikiwemo. Hutapata bei hiyohiyo kwa mbadilishaji, lakini utajua umekatwa kiasi gani. Piga simu au pita tawi la benki yako Masasi uulize kama wana metikali, maana si kila tawi huwa nayo kila siku. Wakulima wa korosho, ambao malipo yao ya mnada hupitia akaunti za benki, wanaweza kuulizia siku hiyohiyo wanayokwenda kutoa fedha.

Ukilazimika kubadilisha mpakani, fanya hivyo mchana, mahali penye watu, mkiwa wawili. Hesabu zao kwanza mkononi mwako, ndipo utoe zako. Mtoto akae na mwenzako, asiwe mgongoni mwako anayelia wakati unahesabu.

Zijue noti zenyewe

Noti za Msumbiji ni za 20, 50, 100, 200, 500 na 1,000. Mwaka 2024 nchi hiyo ilitoa toleo jipya, hivyo usishangae kuona noti za thamani moja zenye sura tofauti. Mwaka 2006 iliondoa sifuri tatu kwenye fedha yake, metikali 1,000 za zamani zikawa moja. Noti yenye maelfu mengi iliyotunzwa na babu tangu miaka ya 1990 usiipokee kama malipo.

Jina lenyewe si geni kwetu. Linatokana na mithkali, kipimo cha Kiarabu kilichotumika kupimia dhahabu ya Sofala katika biashara ya pwani, enzi za Kilwa.

Sokoni utasikia bei kwa Kireno. Jifunze manne haya: cem ni mia, duzentos ni mia mbili, quinhentos ni mia tano, mil ni elfu. Kimakonde au Kimakua chako kitakusaidia kwa mengine. Omba noti ndogondogo, kwa sababu muuza maji ya kunywa hana chenji ya 1,000, na mtoto mwenye kiu hasubiri chenji.

Usitegemee simu peke yake. M-Pesa ipo Msumbiji, lakini akaunti yako ya Tanzania si akaunti ya kule. Uliza kwa mtandao wako kabla ya safari kama unaweza kutuma au kupokea ng'ambo, na kwa gharama gani.

Somo kutoka kwa wageni wa meli

Abiria wa meli za kitalii wanaoshuka Zanzibar huwa na saa chache tu kabla ya meli kuondoka. Walio makini hawabadilishi fedha nyingi. Hutoa shilingi kidogo kwenye ATM ya benki, za teksi, maji na matunda, na huhakikisha zimekwisha kabla ya kurudi melini. ATM ikiwauliza kama wakatwe kwa fedha ya kwao, hukataa na kuchagua shilingi, kwa kuwa bei ya mashine kwa kawaida ni mbaya kuliko ya benki yao. Na tangu mwaka 2025, kanuni zinakataza bidhaa na huduma ndani ya Tanzania kutozwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo mgeni wa meli na mama wa kutoka ng'ambo wote wanahitaji shilingi.

Nawe fanya kama wao, ila ongeza kitu kimoja ambacho mtalii asiye na mtoto hakihitaji: fungu la mtoto. Ni metikali za kutosha usafiri hadi kituo cha afya, kipimo na dawa. Lifunge mbali na fedha ya matumizi, na baba na mama wote wajue lilipo. Lisiguswe kwa zawadi.

Fedha hupita mikono mingi. Nawa kwa sabuni baada ya kuhesabu, kabla ya kumlisha mtoto. Sarafu si kitu cha kuchezea njiani kwa mtoto mdogo. Akimeza na kuanza kutokwa na mate, kushindwa kumeza au kupumua kwa shida, usimwingize kidole kooni. Mwahishe kituo cha afya.

Jambo la mwisho kabla ya kuvuka ni usalama. Mkoa wa Cabo Delgado umekuwa na mashambulizi ya wanamgambo tangu Oktoba 2017. Waulize maofisa wa uhamiaji na ndugu unaowaendea hali ya siku hiyo na ya barabara. Wakisema subiri, subiri.

Ukirudi na metikali zilizobaki, tumia au badilisha mapema. Kenya iliondoa noti zake za zamani za Sh1,000 Septemba 2019, na hapa kwetu ukomo wa kubadilisha noti za zamani, zikiwemo zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, ulikuwa Aprili 5, 2025. Kama kuna noti za nchi yoyote zimekaa sandukuni, zitoe leo uzikague.