Moto wa gesi ukiwaka njano

Kila jioni mama mmoja wa Kibiti mjini hubandika sufuria ya maji ya kumwogeshea mtoto. Jiko lake la gesi, la pleti mbili, liko kwenye chumba hicho hicho wanacholala, na masika yakianza dirisha hufungwa kwa ajili ya mvua na mbu. Wiki tatu mfululizo mtoto wake wa miaka minne alilalamika kichwa baada ya kuoga, halafu anatapika. Asubuhi anaamka mzima na kwenda kucheza. Alipelekwa zahanati mara mbili. Kipimo hakikuonyesha malaria, homa hakuwa nayo, akarudi na dawa ya minyoo. Mama mwenyewe kichwa kilimgonga pia, ila yeye alisema ni uchovu.

Aliyeligundua jambo ni mama mkwe, aliyekuja kuwatembelea kutoka Mbwera, kule delta, na ambaye amepikia kuni maisha yake yote.

“Mwanangu, si mliniambia moto wa gesi ni wa bluu? Mbona huu kama wa koroboi?”

Kweli, ulikuwa wa njano, mrefu, unachezacheza. Na sufuria ambayo haijawahi kuguswa na kuni ilikuwa na masizi chini.

Gesi ya mtungi ikipata hewa ya kutosha huwaka bluu. Ikikosa hewa haiungui yote. Hutoa masizi, na pamoja nayo kaboni monoksidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Ile harufu ya gesi tunayoijua huongezwa kwa makusudi ili mtu agundue mtungi unavuja, haisaidii hapa. Kaboni monoksidi hung'ang'ania kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtoto, kwa kuwa anapumua haraka, huathirika mapema. Dalili zake ni kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu. Nani wa Kibiti asingefikiria malaria kwanza? Moshi wa kuni angalau unakufukuza jikoni.

Fundi aliyeitwa alifunga mtungi kwanza, kisha akalipindua jiko. Ndani ya mrija unaopeleka gesi kwenye pleti mlikuwa na utando wa buibui. Jiko lilikaa miezi miwili chini ya kitanda, hela ya kujaza mtungi ilipokosekana wakarudia mkaa, na buibui akapata nyumba. Alisafisha mrija, akapiga mswaki matundu ya pleti, akawasha. Bado ncha za moto zilikuwa njano. Hapo ndipo alipogusa kibati kidogo kilichoko mwanzo wa mrija, kinachofungua na kuziba njia ya hewa. Alikifungua kidogo kidogo. Alipozidisha, moto ulivuma na kunyanyuka juu ya pleti kama unataka kuzimika, akakirudisha nyuma kidogo. Ukatulia, bluu, umeshika matundu.

Mama alimuuliza kama angeweza kupanua kile kitundu kinachotoa gesi, maana jirani alifanyiwa hivyo na moto wake ni mkubwa. Fundi alikataa. Gesi ikizidi na hewa ikabaki ile ile, njano inarudi palepale.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Ni jambo jema, hasa kwa akina mama wa delta wanaopuliza kuni mbichi. Lakini kumkabidhi mtu mtungi na jiko bila kumwonyesha kibati cha hewa, au kumwambia jiko linahitaji dirisha wazi hata moto ukiwa bluu, ni kumwachia kazi nusu.

Jioni ile mtoto aliogeshwa dirisha likiwa wazi. Mbu wakaingia, bibi akalalamika usiku kucha. Kesho yake baba mtu akaenda dukani kununua wavu wa dirisha.