Mwenye Mvua Aliyeondoka

Barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto hupanda milima ya Usambara kwa kujipindapinda ubavuni mwa korongo, na abiria aliyeacha joto la tambarare akifika Soni huanza kutafuta koti. Huko juu mvua si mazungumzo ya kupitishia wakati. Mkulima wa maharage au kabichi huyatazama mawingu yaliyotanda juu ya msitu wa Magamba kama mdeni amtazamavyo usoni mtu anayemdai. Katika nchi ya namna hiyo, kitabu cha katuni kilichochorwa Marekani, chenye habari za mwanamke aletaye mvua Afrika ya Mashariki, hakisomeki kwa wepesi kisomwavyo kwingineko.

Kitabu chenyewe ni *Giant-Size X-Men* namba 1, kilichotolewa na kampuni ya Marvel mwaka 1975, kikaandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum. Masimulizi ya X-Men yalikuwa yameanza mwaka 1963, lakini yalikwisha kufifia, hata kwa miaka kadhaa kampuni ikawa inarudia kuchapa hadithi za zamani tu. Ndipo wawili hao walipoyafufua kwa mashujaa wapya. Profesa Xavier anazunguka dunia kuwakusanya watu waliozaliwa na nguvu zisizo za kawaida: Ujerumani, Kanada, Japani, Siberia, na Kenya. Kenya ndiko anakomkuta Ororo, mwanamke mweusi mwenye nywele nyeupe, ambaye baadaye dunia nzima itamjua kwa jina la Storm, yaani Dhoruba. Wanakijiji wanamlilia kwa ukame, naye anaiita mvua, inanyesha. Kisha Xavier anamwambia kwamba yeye si mungu bali ni binadamu mwenye wajibu kwa dunia. Ororo anakubali, anaondoka naye.

Mwaka 2025 kitabu hicho kilitimiza miaka 50. Miaka mitano kabla yake, Marvel ilikuwa imetoa toleo la kumbukumbu kwa heshima ya Cockrum, aliyefariki mwaka 2006, na Wein, aliyefariki mwaka 2017. Toleo hilo la 2020 liliirudia hadithi ile ile, ila kila ukurasa ulichorwa upya na msanii mwingine. Ni heshima ya aina yake, na wapenzi wa ushairi hawataiona ngeni, kwani nasi tuna takhmisi, ambapo mshairi huchukua beti za mwenziwe akaziongezea mishororo yake bila kuzivunja. Lakini mwenye kutia takhmisi hupata nafasi ya kuuliza jambo ambalo mtunzi wa kwanza hakuliuliza. Wachoraji wale walibadilisha mistari na rangi. Hadithi waliiacha kama walivyoikuta. Na katika hadithi hiyo mna swali ambalo mtu wa Usambara angeliuliza kabla hajageuza ukurasa: je, wale wanakijiji? Mwakani nani atawaletea mvua?

Swali hilo lina historia huko milimani. Abdallah bin Hemedi, mtu wa pwani aliyekaa na Wakilindi na kuzijua siri zao, aliandika *Habari za Wakilindi*, kitabu ambacho sehemu yake ya kwanza ilichapwa na wamisionari wa Magila mwaka 1895. Humo mna Mbegha, ambaye maisha yake yana kila kitu wanachokitafuta wachoraji wa katuni. Alizaliwa Ngulu akaota meno ya juu kwanza. Akawa kigego, mtoto wa kuogopwa. Ndugu zake wakamfukuza. Akawa mwindaji wa nguruwe mwenye mbwa na uganga, akagawa nyama kila alikopita, akatokea Vuga, akamuua simba, na watu wakamfanya mfalme wao. Mashujaa wa X-Men nao ni vigego: wamezaliwa na kitu wasichokiomba, na watu wanawaogopa. Hapa Mbegha na Ororo ni ndugu kabisa.

Wanapoachana ni baada ya kupata watu. Wazao wa Mbegha walihesabiwa kuwa wenye mvua, na mvua hiyo ilikuwa na mashariti. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeanza kuwasikiliza wazee wa Usambara katika miaka ya 1960, ameeleza kwamba Washambaa walikuwa na maneno mawili kwa mambo ya watawala: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Uwezo ulikuwa mmoja. Aliyeweza kuileta mvua ndiye aliyeweza kuizuia, na kiangazi kilipozidi watu walijua wa kumwuliza. Kimweri ye Nyumbai alipokuwa Vuga hana mpinzani, nchi ilihesabiwa kuwa imepona. Alipofariki mwaka 1862, na Semboja wa Mazinde, aliyejipatia bunduki kwenye njia ya misafara, akapambana na mrithi aliyewekwa Vuga, ikawa nguvu kwa nguvu, na nchi ikaharibika. Hata baada ya uhuru, uchifu ulipokwisha kufutwa, walikuwapo waliosema mvua imepungua kwa kuwa wenyewe hawapo tena. Si lazima msomaji aamini hivyo. Inatosha aone kwamba mtawala alikuwa na deni, na deni lile lilijulikana kwa wote.

Ndiyo maana Mbegha alipokufa wazee waliificha maiti. Hawakulia wala kutangaza. Walituma watu kumchukua mwanawe Bughe kutoka Bumbuli, na kifo hakikutamkwa mpaka mrithi alipokuwa tayari. Nchi isingeweza kulala bila mwenyewe.

Chris Claremont, aliyeyapokea masimulizi kutoka kwa Wein na kuyaandika kwa miaka mingi, yaelekea jambo hili lilimkera. Mwaka 1985, katika toleo la 198, pamoja na mchoraji Barry Windsor-Smith, alimrudisha Ororo Afrika akiwa amenyang'anywa nguvu zake zote. Anafika kijiji kilichokauka. Hawezi kuita hata wingu. Anachoweza ni kusaidia mtoto azaliwe, na kukaa na mzee anayejitoa afe ili kijiji kiweze kumlisha aliyezaliwa. Hadithi hiyo ni bora kuliko ile ya 1975, na ingestahili zaidi kuchorwa upya, kwani ndani yake Ororo yuko pamoja na watu ambao zamani angewatazama kutoka juu.

Lakini sherehe hufanyiwa mwanzo wa jambo, na mwanzo ni ule wa 1975. Katika toleo la 2020 ukurasa wa Kenya umepata mkono mpya; mvua inanyesha, Xavier anakuja, mwenye mvua anakwenda zake. Huko Vuga wangekwisha kutuma mtu Bumbuli. Katika kitabu hakuna anayetumwa popote, na wanakijiji hawaonekani tena.