Luhwindja na Bukavu: kinachofua nguo nacho kisafishwe

Juma hili tunatembea pamoja kwenye njia tunayoijua sote, ile ya kutoka kwetu Luhwindja kushuka Bukavu na kurudi. Tutaitembea kwa kuangalia kitu kimoja tu, kufua nguo. Tutapita kwenye mto, kwenye mashini ya umeme na kwenye beseni la nyumbani, maana vyote vitatu vinatufundisha jambo moja.

Luhwindja ni nchi ya milima. Ni mojawapo ya sheferi za teritware ya Mwenga, pamoja na Burhinyi, Basile, Wamuzimu na Lwindi, na sekta ya Itombwe. Sisi na majirani zetu wa Burhinyi ni Bashi, na majirani wengi wa upande wa pili ni Barega. Tunakaa juu, na baridi tunaijua. Kuanzia mwezi wa tisa hadi mwezi wa tano mvua inanyesha, ukungu unakaa kwenye mabonde mpaka jua lipande, na nguo iliyoanikwa asubuhi inaweza kuingizwa ndani jioni ikiwa bado na unyevu. Miezi ya kiangazi, wa sita hadi wa nane, nguo zinakauka vizuri, lakini vumbi jekundu linazifuata hata kwenye kamba.

Kufua kwetu ni beseni, bidoni na sabuni ya kipande. Anayekaa karibu na kijito anabeba nguo zake na kushuka nazo. Anayekaa mbali anabeba maji na kupanda nayo. Bidoni moja ya litre 20 ina uzito wa kilo 20, na mlima haupunguzi hata moja. Ndiyo maana maji ya kufulia hatuyamwagi ovyo: maji ya kusuuza nguo nyeupe yanaloweka nguo za rangi, kisha yanaosha viatu, kisha yanasugua sakafu. Hiyo ni akili ya mama, wala si uchafu. Shida inaanza pale chombo chenyewe kinaposahauliwa.

Tushuke sasa Bukavu, kwa njia ya Walungu na Mugogo. Kule kuna nyumba zenye mashini ya kufulia, na baadhi yetu tuna dada au binti aliyeolewa mjini ambaye ameipata. Umeme wa Bukavu unatoka kwenye mto Ruzizi, ambako bwawa la kwanza lilijengwa mwisho wa miaka ya 1950 na la pili likaanza kazi mwaka 1989 kwa ajili ya nchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi. Hata hivyo umeme unakatika, na maji ya bomba nayo yana siku zake. Mashini inaweza kusimama katikati ya kazi, na nguo zikalala ndani ya maji ya sabuni mpaka kesho yake.

Ukifungua mlango wa mashini ya namna hiyo, unapokewa na harufu ya kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa chini ya meza. Wenye nyumba wanashangaa: mashini inaoshwa kila siku kwa sabuni, itanukaje? Jibu ni kwamba sabuni haisafishi mashini, inapita tu ndani yake. Tunapotia sabuni ya unga nyingi kuliko maji yanavyoweza kuisuuza, inayobaki inashika kwenye kuta za tangi, mahali tusipopaona. Hapo inakutana na mafuta ya mwili, nyuzi za nguo na udongo. Tabaka linakuwa laini kama ute, na vijidudu vinakaa ndani yake. Maji baridi hayaviondoi. Mlango ukifungwa, unyevu haupati njia ya kutoka, na mpira wa mlangoni unaanza kuwa na madoa meusi ya ukungu.

Kwa wale wa mjini wenye mashini, na kwa yeyote atakayewatembelea, utaratibu wa kuisafisha mara moja kwa mwezi ni huu.

Kwanza, tutoe kisanduku cha kuwekea sabuni na kukisugua kwa mswaki wa zamani. Sabuni iliyoganda huko ni ngumu kama ukoko wa chungu.

Pili, tukunjue mpira wa mlangoni na kupangusa mikunjo yake yote kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Humo tunakuta nywele, vifungo na hata franka.

Tatu, tuchomoe waya wa umeme, tuweke beseni ndogo chini, kisha tufungue kichujio kilicho karibu na sakafu. Maji yatakayotoka yatatuonyesha harufu ilikokuwa inakaa.

Nne, tuiendeshe mashini ikiwa tupu, kwa maji ya moto kadiri inavyoweza, tukiwa tumeweka bikarbonati, au siki kidogo, au javeli. Tuchague kimoja tu. Javeli na siki vikichanganywa vinatoa hewa ya sumu inayochoma macho na mapafu. Hili tuwaambie na wasichana wanaotusaidia nyumbani.

Tano, tukimaliza, tuache mlango wazi mpaka ndani pakauke. Na siku nyingine zote tupunguze sabuni, na nguo zisilale ndani. Umeme ukikatika, tuzitoe na kuzimalizia kwa mikono.

Mashini zile za matangi mawili, ambazo tunazijaza maji kwa bidoni, nazo zina shida yake. Maji ya mvua au ya ziwa yanakuja na mchanga mwembamba unaotulia chini ya tangi. Tuyachuje kwa kitambaa cheupe kilichokunjwa kabla ya kuyatia, na kila tukimaliza kufua tupanguse chini ya tangi.

Sasa tupande kurudi nyumbani. Wengi wetu Luhwindja hatuna mashini, lakini tuna ule ute ule. Tupitishe kidole ndani ya beseni la plastiki ambalo limefanya kazi mwaka mzima. Linateleza, na ukilikwaruza kwa kucha unatoka weupe: ni sabuni, mafuta na udongo vilivyogandamana. Plastiki ikishachubuka, kila mchubuko unakuwa nyumba ya uchafu. Shati linaloshwa humo linatoka jeupe machoni, lakini likikosa jua siku mbili linaanza kunuka. Mtoto anaenda nalo shule, shati jeupe na kaptula ya buluu kama watoto wote wa Kongo, na benchini wenzake wanasogea pembeni. Sisi tunaofundisha tunawaona watoto hao. Mama yake amefua, tena amefua sana. Beseni ndilo halikufuliwa.

Dawa yake haihitaji franka nyingi. Mara moja kwa juma tusugue beseni kwa majivu laini yaliyochekechwa na nyuzi kavu za mgomba, tulisuuze, kisha tuliinamishe juani. Bidoni, ambayo mkono hauingii, tuitie changarawe safi kiganja kimoja au viwili, maji kidogo na sabuni, tuifunge na kuitikisa kwa nguvu. Watoto wanaipenda kazi hii, tuwape na nyimbo zao. Tumwage, tusuuze mpaka povu liishe, tuigeuze mdomo chini. Bidoni inayokaa kivulini haraka haioti majani ya kijani kama ile inayokaa juani ikiwa na maji.

Lakini wamama, kuna beseni moja ambalo majivu hayalitoshi, na ndilo hasa lililotufanya tuandike makala haya. Ni beseni linalofulia nguo za machimbo.

Luhwindja ni nchi ya dhahabu. Kampuni ya Banro ilianza kutoa dhahabu Twangiza mwaka 2011, na kabla ya hapo na baada yake watu wetu wamechimba kwa mikono yao. Wanaume wanaingia mashimoni. Wamama wanabeba mawe, wanayatwanga, wanaosha mchanga. Jioni nguo hizo zote zinarudi nyumbani na kuingia kwenye beseni lile lile. Kesho asubuhi humo humo tunamwogesha mtoto, na mchana tunaloweka muhogo.

Vumbi la jiwe lililotwangwa ni baya kwa mapafu. Nguo ikiwa kavu tusiikung'ute mlangoni, maana vumbi linaruka na watoto wanalivuta. Tuiloweshe kwanza, huko nje.

Kisha kuna zebaki. Katika machimbo mengi ya mikono duniani, na hapa Kivu Kusini pia, zebaki hutumika kukusanya chembe za dhahabu. Ni chuma, lakini ni cha majimaji, nacho kinang'aa kama kioo. Inashikana na dhahabu, halafu inachomwa; zebaki inaruka hewani kama mvuke, dhahabu inabaki. Mvuke huo hauonekani na hauna harufu. Hata bila moto, tone la zebaki lililo kwenye mfuko wa suruali au kwenye ufa wa beseni linaendelea kuruka hewani polepole, ndani ya nyumba yetu.

Hapa ndipo tofauti ilipo. Mashini ya Bukavu ikichafuka inanuka, na harufu ni mjumbe: inatuita tukasafishe. Zebaki haina mjumbe. Inaingia mwilini kimya, inaumiza ubongo, mishipa ya fahamu na mafigo, na anayeumia kwanza ni mtoto aliye tumboni na yule anayetambaa sakafuni. Dunia ililijua hili kwa uchungu katika mji wa Minamata, Ujapani, ambako mwaka 1956 madaktari walianza kutambua ugonjwa uliotokana na zebaki ya kiwanda iliyoingia kwenye samaki. Wamama walioonekana wazima walizaa watoto walioumia. Mkataba wa kimataifa juu ya zebaki ulipewa jina la mji huo mwaka 2013 na ukaanza kufanya kazi mwaka 2017. Unataka, pamoja na mengine, kuchoma zebaki katikati ya makazi ya watu kukomeshwe.

Basi tufanye nini nyumbani? Nguo za machimbo zivuliwe nje, zisipite jikoni wala kitandani. Ziwe na beseni lao, lenye alama ya rangi au kamba iliyofungwa sikioni, na beseni hilo lisiingie ndani. Lisitumiwe kwa mtoto, kwa chakula, wala kwa nguo za wengine. Maji yake yasimwagwe kijitoni juu ya mahali tunapochota, wala kwenye bustani ya mboga. Yachimbiwe shimo mbali na maji. Nguo iliyomwagikiwa zebaki yenyewe tusiifue kabisa, maana kufua hakuiondoi, kunaisambaza. Tuifunge ndani ya plastiki, ikae nje mahali watoto hawafiki, na tumwulize muuguzi wa kituo cha afya. Nguo ya namna hiyo isipelekwe hata kwenye mashini ya dada yetu wa Bukavu. Zebaki ikiingia mle, kila nguo itakayofuata itaipata. Zebaki ikimwagika chini tusiifagie kwa ufagio wala kuimwagia javeli. Tutoe watoto, tufungue milango na madirisha. Na kuchoma dhahabu kusifanyike kwenye moto wa jikoni, hata usiku mmoja, hata kipande kidogo.

Tunajua jibu tutakalopewa: beseni la pili linatoka wapi? Bwana atasema lililopo bado ni zima. Tumjibu kwa upole kwamba beseni la plastiki ni bei ndogo kuliko safari moja ya kumpeleka mtoto Bukavu kwa daktari. Na mama asiachwe kulinunua peke yake. Vikundi vyetu vya AVEC vinaweza kununua mabeseni kwa pamoja, ya rangi moja isiyotumiwa nyumbani, na kila mwanachama akalipa kidogo kidogo. Vikundi hivyo hivyo vinaweza kwenda kwa ma-PDG wa mashimo kuwaomba kibanda cha kubadilishia nguo na mahali pa kunawa palepale machimboni, ili uchafu wa shimo ubaki shimoni. Anayepata faida ya dhahabu abebe na sehemu ya kufua.

Katika mkutano wenu wa juma hili, kila mama aje na beseni lake la kufulia, lilivyo, bila kulisugua kwanza. Myapange chini, myapitishe vidole, mwulizane kila moja linafua nini na linaogesha nani. Kisha mwandike kwenye daftari la kikundi ni nyumba ngapi zinahitaji beseni la pili, na mwanze na zile zenye mimba na watoto wachanga.