Makubadhi ya Babu



Mwaka jana, siku tuliyomzika mzee wetu, mwanetu wa miaka minane alisimama kando ya jeneza, kimya. Midomo ilipoanza kumtetema tulimwinamia tukamwambia, "Jikaze, mwanamume halii." Akajikaza. Waliokuja mazikoni wakamsifu, nasi tukaona fahari.

Fahari hiyo haikudumu. Wiki zilizofuata alilalamikia tumbo kila asubuhi ya kwenda chuoni, akampiga nduguye bila sababu, na usiku akakojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani. Tukamkemea, tukidhani ni utundu. Kumbe huzuni tuliyoifungia mlango wa mbele ilikuwa ikitokea uani.

Usiku mmoja, baada ya Isha, aliuliza, "Makubadhi ya Babu mumeyapeleka wapi?" Tulikuwa tumeyatoa sadaka pamoja na kanzu zake, wala hatukumweleza. Hapo akalia mpaka kwikwi zikamshika. Mara hii hatukumnyamazisha. Tulikaa naye mkekani, nasi tukalia.

Tulijilaumu, kwani mfano tulikuwa nao. Mtume wetu (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi mbele ya masahaba, akabainisha kuwa hiyo ni rehema. Na mtoto Abu Umayr, nduguye Anas bin Malik, kidege chake kilipokufa, Mtume hakuidharau huzuni yake. Alimuuliza habari za kidege kile. Ikiwa msiba wa kidege wastahiki kuulizwa, seuze msiba wa babu?

Tangu hapo tumebadili mwendo. Kabla ya kulala, kila mmoja wetu hutaja lililomuuma siku hiyo, na sisi wazazi ndio tunaoanza. Ijumaa twaenda naye makaburini kumwombea mzee. Jioni, yeye ndiye awapelekeaye kahawa wazee wa barazani, marafiki wa babu yake, nao humsimulia habari zake. Bado hulia, mara chache. Kisha hunawa uso, akaenda kucheza. Tumbo limetulia.

Wahenga walisema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Sisi tulikuwa tukimlea afiche, na tulikaribia kufaulu. Mola atujaalie subira ya kuwasikiliza wanetu kabla ya kuwataka wao wasubiri. Amin.