Haki ya Samaki Aliye Kifungoni

Mara nyingi huulizwa kama yafaa kufuga kiumbe kwa ajili ya kumtazama tu. Jawabu la wanavyuoni wetu ni kuwa yafaa, na hoja yao ni hadithi ya Abu Umair, yule mtoto aliyekuwa na kijidege, naye Mtume (s.a.w.) akimtania kwa upole kwa kumwuliza habari zake. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa Kishafii wa karne ya nne ya Hijra, alitunga risala nzima juu ya faida za hadithi hiyo moja. Lakini ruhusa hii ina sharti, na sharti lenyewe nililiona kwa macho yangu huko Karatu.

Karatu ni mji wa bara wenye udongo mwekundu, njiani kuelekea lango la Ngorongoro. Kutoka kwetu Tanga ni zaidi ya kilomita 500, na baridi ya usiku wa Julai humtoa mzee machozi. Huko mwanafunzi wangu wa zamani, mfanya biashara, ameweka sebuleni sanduku kubwa la kioo lenye samaki wa baharini. Kazi yake si ndogo. Maji huchanganywa na chumvi maalumu, kadiri ya gramu 35 kwa lita. Joto huwekwa kwa umeme kama nyuzi 26. Na maji yakipungua kwa mvuke huongezwa maji matamu, kwani mvuke hauchukui chumvi. Jirani alimshauri atumie magadi ya huko huko apunguze gharama. Akakataa, na ndiyo sawa, kwani magadi si chumvi ya bahari, na samaki wa mwambani hawaishi humo.

Miongoni mwao alikuwamo mmoja mwembamba, urefu wa kidole, rangi ya samawati, na mstari mweusi toka mdomoni hadi mkiani. Ni wa jamaa moja na pono, na kwa kazi yake huitwa msafishaji. Baharini hushika kituo chake penye mwamba, na wakubwa humwendea kwa zamu. Chewa humfunulia kinywa, mkunga humwacha apite baina ya meno, naye huwatoa wadudu waliowaganda. Mtaalamu Alexandra Grutter alihesabu huko Australia, akatangaza mwaka 1996 kuwa samaki mmoja hula wadudu wapatao 1,200 kwa siku. Bara nako wako wa kazi hiyo hiyo: ukishuka Ngorongoro utawaona askari wa kifaru, wale ndege wanaokula kupe migongoni mwa nyati. Wala hakosi mnafiki. Yuko samaki mwingine aliyejivika umbo na rangi za msafishaji, na wenziwe wakimkaribia kwa kumwamini, huwang'ata mapezi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa tazama dhiki ya yule wa Karatu. Mle kiooni walikuwamo samaki watano tu, tena wasafi. Wadudu walikwisha siku za mwanzo, na chakula kikavu cha kopo hakukitambua kuwa ni chakula. Binti wa mwenyeji, mwenye miaka minane, akaniuliza, "Babu, kila siku tunampa chakula, mbona anakonda?"

Nikamwambia baba yake kuwa Imam Nawawi katika Minhaji ameeleza kwamba chakula na maji ya mnyama ni wajibu juu ya mwenyewe, na akikataa hulazimishwa, ama amlishe ama amwuze. Na yule mwanamke wa hadithi ya paka aliadhibiwa kwa kumfunga asimlishe, wala asimwache ajitafutie. Kumwaga chakula majini si kulisha, ikiwa mlishwa hawezi kukila.

"Basi nifanyeje, Shekhe?"

"Msagie kamba. Asipokula, mpe mwenye samaki wengi."

Alijaribu kwa bidii, na bintiye akisaga kamba kwa mkono wake. Nilipokwisha rudi Tanga nikaletewa habari kuwa samaki amekufa, na kwamba baba anataka kumnunua mwingine kumliwaza mtoto. Nikamkataza. Wafugaji wazoefu nao huwaonya wanaoanza wasimguse samaki huyu.

Tena nikamwambia jambo jingine, ambalo ndilo lililonikaa moyoni tangu nilipokuwa kwake. Mama yake alimleta kutoka Pangani, alikokuwa akifundisha watoto Juzuu Amma barazani kwake miaka arubaini. Hapo Karatu amempa chumba kizuri, godoro jipya, na amri ya kupumzika. Hata kuchambua mchele hakuachiwa. Naye bibi yule alikuwa akikonda, na daktari hakuona maradhi. Nikasema, "Mwanangu, wako viumbe ambao riziki yao imo katika kuwatumikia wenziwao. Mtafutie mama yako watoto."

Alhamdulillahi, alinisikia. Leo watoto saba wa jirani humwendea kila alasiri, na naambiwa sauti yake ya kuwakaripia hufika barabarani.

Basi enyi mliowaleta wazazi wenu mjini kwa nia njema, msitosheke na kuwahesabia sahani. Waulizeni walikuwa wakimfaa nani huko walikotoka, kisha wafungulieni mlango wa kheri hiyo hapo mlipo. Wallahu aalam.