Kabla Hujachimba Msingi

Ndugu msomaji, iwapo umekwishapata kiwanja na sasa unajinyima ili ununue saruji, niruhusu nikusimulie kosa nililolifanya mimi mwenyewe huko Tabata.

Nyumba yangu ya vyumba vitatu niliijenga kwa akiba ya miaka sita. Ramani aliichora fundi juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, na shauri langu lilikuwa moja tu: mlango wa mbele utazame barabara, wapitao waione. Barabara iko mashariki. Kwa hiyo vyumba vya kulala vikaangukia magharibi. Mwaka wa kwanza mwanangu mdogo hakupata usingizi kabla ya saa sita za usiku. Tukamtandikia mkeka barazani, na mbu wakamkuta huko. Malaria ilimpata mara mbili.

Ndipo nilipomwita mzee mmoja, msanifu majengo. Alifika saa tatu usiku, akaweka kiganja ukutani. "Mwanangu, hebu gusa," akasema. Ukuta ulikuwa ungali wa moto. Tofali la saruji hulimeza joto la alasiri, kisha hulitoa chumbani usiku.

Akanieleza kwamba Dar es Salaam, iliyo kiasi cha nyuzi 7 kusini ya Ikweta, jua lake la adhuhuri hupita karibu na utosi, na paa hulikinga. Linaloadhibu kuta ni la asubuhi na la jioni. Basi yafaa nyumba ielekeze mbavu zake ndefu kaskazini na kusini, na kuta fupi ndizo zikabili mashariki na magharibi. Madirisha nayo yatazamane, kusi na kaskazi zipate pa kuingilia na pa kutokea. Chumba chenye dirisha moja hakipitishi upepo, hata dirisha liwe kubwa namna gani.

Nikauliza kama kurefusha upenu kungenifaa. Akatikisa kichwa: jua la saa kumi na moja hupenya chini yake. Akanishauri nitoboe matundu juu ya milango, nipake ukuta ule chokaa nyeupe, na nipande mwarobaini upande wa magharibi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujamwita fundi, nenda kiwanjani saa kumi na moja jioni. Tazama jua linakoelekea, inua leso uone upepo utokako. Barabara iache kwanza. Mwarobaini wangu umefika usawa wa dirisha tu.