Nilivyoshindwa kumwandika kaka yangu

Babu mzaa mama alipofariki, tulikaa msibani Korogwe siku nne. Nilisalimiana na watu wengi ambao sikuweza kueleza tunahusiana vipi. Nikiuliza, najibiwa, "Huyu ni mjomba wako," au "Huyu ni dada yako," basi, mazungumzo yanaendelea. Niliporudi Dar es Salaam nilikuwa na daftari lililojaa majina. Nikaamua kuyaingiza kwenye kompyuta wakati bibi bado yupo wa kuulizwa.

Nilitumia programu inayofanya kazi kama Wikipedia, ila hii ni yangu mwenyewe. Kila mtu ana ukurasa wake. Jina lake likitajwa kwenye ukurasa wa mwingine, unalibonyeza, unafika kwake. Jioni baada ya kazi nilimpigia bibi simu, yeye akisimulia, mimi nikiandika.

Shida ilianza na fomu iliyokuwa juu ya kila ukurasa. Ilikuwa na nafasi ya baba mmoja, mama mmoja, mwenza mmoja na watoto. Babu alikuwa na wake wawili. Mjomba mkubwa alipofariki, mjane wake aliolewa na mjomba mdogo, kwa hiyo watoto wale sasa wanamwita baba mtu ambaye zamani walimwita baba mdogo. Hadi hapo nilicheka tu, nikawa naongeza maelezo chini ya fomu.

Nilikwama nilipofika kwa kaka yangu.

Kaka amenizidi miaka mitatu. Ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, na ndiye aliyenisindikiza siku ya kwanza chuoni. Wakubwa wote wa ukoo wanajua kwamba alizaliwa na mama mdogo, mdogo wake mama, aliyefariki kaka akiwa na miezi minane. Kaka mwenyewe anajua. Kwetu jambo hilo halizungumzwi, si kwa sababu ni aibu, bali kwa sababu hakuna anayeona haja.

Nilipomweka chini ya mama mdogo, mchoro wa ukoo ukamwandika binamu yangu. Nilipomweka chini ya mama, mama mdogo akabaki kama mtu ambaye hakuacha mtoto duniani. Nikampigia mama kumuuliza anaonaje.

"Mimi sina mtoto wa marehemu humu ndani," alijibu. "Nina watoto wanne. Andika wanne."

Nikaandika wanne. Ningeishia hapo, kama si simu ya bibi wiki iliyofuata.

Bibi alikuwa akinisimulia habari za mama mdogo. Akataja kwamba kabla ya kaka, mama mdogo alikuwa na mtoto mwingine wa kike. "Alikuwa anavimba vidole vya mikono na miguu, analia usiku kucha. Hakufikisha miaka miwili. Watu wakasema amerogwa."

Niliacha kuandika. Mimi ni mwandishi wa habari za afya, na nimeandika juu ya selimundu mara nyingi. Kuvimba vidole vya mikono na miguu ni moja ya dalili za mwanzo za ugonjwa huo kwa watoto wadogo. Mtoto huupata anaporithi jeni yake kwa baba na kwa mama. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui, ila anaibeba. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kumleta mtoto mgonjwa.

Mimi si daktari, na masimulizi ya simu si kipimo. Lakini kaka alikuwa amebakiza miezi mitano afunge ndoa. Angeulizwa kama kwao kuna selimundu, angejibu hakuna, kwa kuwatazama sisi watoto wanne wa mama. Na kwenye kompyuta yangu, kati ya ukurasa wake na wa yule mtoto hapakuwa na njia hata moja. Mimi ndiye niliyeifunga.

Nilikwenda nyumbani Jumamosi. Nilimweleza mama taratibu, nikitaraji atakasirika. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Nilikuwa namshika mkono, analia. Mimi nikadhani hanipendi." Jioni hiyo alimwita kaka, wakakaa uani wawili tu. Mimi nilibaki jikoni.

Kaka na mchumba wake walikwenda kupima. Majibu yao ni yao, siyaandiki hapa. Nitaandika yangu. Mama na mama mdogo ni wa tumbo moja, kwa hiyo swali lilinihusu mimi pia. Miaka yote nimehimiza wasomaji wapime kabla ya ndoa, na mwenyewe sikuwahi kupima. Nilipima. Mimi ni mbebaji.

Mchoro wa ukoo nimeuondoa. Juu ya kila ukurasa sasa kuna mistari miwili: "Aliyemzaa" na "Aliyemlea". Kwa wengi wetu jina ni lile lile mara mbili. Kwa kaka yapo mawili, na mama ameridhia kwa sharti kwamba kwenye ukurasa wake watoto wabaki wanne. Wamebaki wanne. Mambo ya afya nimeyaweka kwenye ukurasa wa pembeni, ambao haufunguliwi bila idhini ya mwenyewe.

Nilimwonyesha kaka ukurasa wake kabla ya kuandika makala haya, ambayo yeye na mama wameniruhusu. Alisoma wote, kisha akafungua wangu. Nilikuwa nimesahau kurekebisha sehemu moja.

"Binamu?" aliuliza. Akaichukua kompyuta, akafuta neno lile, akaandika "kaka".

Msomaji, kama bibi au babu yako bado yupo, mpigie simu wiki hii. Usiulize tu nani ni nani. Uliza nani alimzaa nani, nani alimlea, na wale waliokufa wadogo walikuwa wanaumwa nini.